Somo la 14: Jinsi Imani Inavyokomaa Katika Taabu



Katika masomo yaliyotangulia tulieleza Ubatizo ni nini, na jinsi Mungu anavyotia mbegu ya imani rohoni mwa mtu. Leo twataka kueleza neno linalofuata: mbegu hiyo inakuaje? Maana wako wengi wanaodhani ya kuwa mtu akiisha kubatizwa, njia yake itakuwa laini: watoto hawataugua, ng'ombe hawataibiwa, vita vitapita mbali na mlango wake. Taabu ikifika, hushtuka na kusema kwamba Mungu amewaacha. Wengine hurudi usiku kwa mfumu. Wengine huacha kusali tu, polepole, bila kugombana na mtu, kama moto unaozimika kwa kukosa kuni.

Na taabu hatukuzikosa. Mwezi wa Machi 1993 vita vya makabila vilianza Ntoto katika Walikale, vikaenea mpaka Masisi. Mwaka 1994 wakaja wakimbizi wengi mno kutoka Rwanda, na tangu mwaka 1996 vita vimefuatana kama mawimbi ya ziwa. Mwezi wa Januari 2025 vita vikaingia Goma. Kambi zilizokuwa kandokando ya mji zikavunjwa, na watu wengi wa Masisi waliokuwa wamekimbilia huko wakashika njia tena, mizigo kichwani na watoto mgongoni. Wako kati yenu wazee waliokimbia mara nyingi hata wameacha kuhesabu. Basi somo hili si la taabu za kusimuliwa. Ni la taabu zetu wenyewe.

1. Mvua ni moja, mashamba ni mawili

Mnajua jinsi vilima vya Masisi vilivyo na miteremko mikali. Mvua kubwa yanyesha juu ya mashamba mawili yaliyo jirani. Katika shamba la kwanza mwenyewe amechimba mitaro ya kukata mteremko, akapanda majani kwenye kingo zake. Maji yakishuka husimama mtaroni, huingia ardhini, na viazi hunenepa. Shamba la pili halina mtaro. Maji hushuka kwa nguvu, yakichukua udongo wote mweusi mpaka mtoni, na mwenye shamba hubaki na mawe. Mvua ilikuwa moja. Tofauti ni kwamba mmoja alichimba, na mwingine hakuchimba.

Ndivyo ilivyo na taabu. Tusidanganyane, ndugu: taabu peke yake haimkuzi mtu. Tumewaona watu ambao vita viliwafanya wakatili, na njaa ikawafanya wezi. Tumewaona na wengine ambao katika vita vile vile na njaa ile ile walikuwa wapole zaidi, wakarimu zaidi, wenye kusali zaidi. Kilichowatenganisha ni mitaro, yaani yale matendo madogo ya uaminifu ambayo mtu huyafanya kila siku: sala ya asubuhi na ya jioni, ukweli wa ulimi, kipimo cha haki sokoni, kumsalimu jirani aliyekukosea. Neema ya Mungu hushuka kwa wote. Mtaro ndio unaoishika.

Bwana wetu alifundisha neno hilo katika mfano wa mpanzi, ulioandikwa katika sura ya 13 ya Injili ya Matayo. Mbegu iliyoanguka penye mawe iliota upesi kuliko zote, ila jua lilipopanda ikanyauka, kwa sababu haikuwa na mizizi. Jua hilo ndilo lililoivisha ngano ya udongo mzuri. Na Mtume Paulo, akiwaandikia Wakristu wa Roma, anaonyesha ngazi yenyewe: dhiki huzaa saburi, na mtu mwenye saburi huonekana kuwa amejaribiwa na kufaa, na kutoka hapo huzaliwa tumaini lisilomwaibisha mtu.

Tena angalieni jambo moja. Mtaro hauchimbwi wakati mvua inanyesha. Huchimbwa mapema, siku ya jua. Anayengoja risasi zilie ndipo ajifunze kusali, huyo atasali kwa hofu tu, na hofu ikiisha na sala yake itakwisha.

2. Je, ni nani aliyeileta taabu hii?

Mtoto akifa kwa ghafula, swali la kwanza linalosikika matangani mara nyingi ni hili: "Ni nani aliyemuua?" Na jibu huangukia mtu asiye na wa kumtetea: mjane mzee, mama mkwe, mtoto yatima. Huitwa mlozi. Huchomewa nyumba, hufukuzwa kijijini, pengine hupigwa hata kufa. Siku hizi hata katika vyumba vya maombi wako wanaojiita manabii, nao hutaja majina ya walozi mbele ya watu na kupokea fedha. Hapa imani ya wabatizwa wengi inakwama. Kwa hiyo tutakawia kidogo.

Wafuasi wa Yezu walimwuliza swali kama hilo. Walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu, walitaka kujua ni dhambi ya nani, yake au ya wazazi wake. Yezu alikataa yote mawili. Kisha hakuanza kumtafuta mkosaji. Alimfungua kipofu macho. Someni wenyewe sura ya 9 ya Injili ya Yohane. Tena katika sura ya 13 ya Injili ya Luka, Bwana anataja mnara wa Siloamu ulioanguka na kuwaua watu 18. Aliwauliza wasikilizaji wake kama wale 18 walikuwa wakosefu kuliko watu wote wa Yeruzalemu, akajibu mwenyewe kwamba sivyo. Badala yake aliwaambia wao waliobaki hai watubu.

Hili ni fundisho kwetu. Tarehe 4 Mei 2023, katika Kalehe, jirani yetu wa kusini, mito ilifurika na vilima vikaporomoka. Vijiji vya Bushushu na Nyamukubi viliangamia, na watu zaidi ya 400 walikufa. Walikuwa wakosefu kuliko sisi? Hasha. Mvua ilikuwa kubwa mno, vilima vilikuwa vimekwisha kukatwa miti, na nyumba zilikuwa karibu na maji. Mlima Nyiragongo ulitapika moto tarehe 17 Januari 2002, na tena tarehe 22 Mei 2021. Ni mlozi gani awezaye kuwasha mlima? Malaria huletwa na mbu, kipindupindu huletwa na maji machafu. Mambo haya yana sababu zake, na Mungu ametupa akili ya kuzitafuta.

Basi yashikeni mafundisho haya matatu. La kwanza: taabu nyingine hutoka katika dunia hii tu, ambayo haijafikia ukamilifu wake, ndivyo yalivyo maradhi na maporomoko. La pili: taabu nyingine hutoka katika dhambi za watu, kama vita, wizi na dhuluma, Mungu hakuziagiza wala hapendezwi nazo, ila humwachia mwanadamu uhuru wake, na atamhukumu. La tatu: hakuna taabu hata moja ambayo Mungu hawezi kutoa jema ndani yake, kama alivyotoa wokovu wetu katika msalaba wa Mwanawe.

Je, Mkristu afanye nini mtoto wake akiugua? Ampeleke upesi kituo cha afya, asingoje siku tatu kwa mfumu. Amwombe Mungu. Awaite ndugu wa kanisa wamtembelee. Na mtoto akifa, amlilie. Yezu mwenyewe alimlilia Lazaro rafiki yake, na hakuna anayeweza kusema kwamba Yezu hakuwa na imani. Lakini asiwape watu jina la jirani yake. Na iwapo kijiji kimemzunguka mjane kwa mawe na fimbo, Mkristu aende akasimame mlangoni pake. Siku ile ndipo itakapojulikana kama maji ya Ubatizo yaliingia moyoni au yalilowesha nywele tu.

3. Je, kukimbia ni kukosa imani?

Wengine wanaona aibu kwamba walikimbia. Wasione aibu. Yozefu alimchukua Mtoto na Mama yake usiku, akakimbilia Misri, kwa kuwa Herode alitaka kumwua Mtoto. Kanisa halituamuru kuyatafuta mateso, wala kuwaacha watoto wetu mbele ya panga. Aokoaye uhai hutenda vema. Ila kuna mzigo mmoja tusiousahau siku ya kukimbia, nao hauna uzito kichwani: ni desturi ya sala. Jamaa isaliyo pamoja chini ya turubai ina kanisa pale pale.

4. Taabu ya kukosa padri

Viko vigango ambavyo kwa sababu ya vita au njia mbaya havimwoni padri kwa miezi mingi. Waamini huuliza: "Imani yetu itaishije bila Misa na bila kitubio?" Swali hili ni la haki, maana Misa takatifu ni chakula chetu, na hakuna kitu kinachoweza kushika nafasi yake. Lakini sikilizeni yaliyotokea karibu nasi, katika nchi ya Buganda.

Mapadri Weupe walifika huko mwaka 1879. Mwezi wa Novemba 1882 walilazimika kuondoka kwa sababu ya hatari, wakahamia Bukumbi, kusini mwa Ziwa Viktoria. Waliacha wabatizwa wachache tu, ambao wengi wao walikuwa wamepata Ubatizo mwaka ule ule. Mtu angesema: kazi imekwisha. Lakini waliporudi mwezi wa Julai 1885 waliwakuta Wakristu wanawangoja, na pamoja nao wengi waliokuwa wamefundishwa dini wakati mapadri hawapo. Nani aliwafundisha? Yozefu Mukasa aliwafundisha vijana wa jumba la mfalme. Matia Mulumba na Luka Banabakintu waliwakusanya watu huko Mityana. Andrea Kaggwa alifundisha nyumbani kwake. Miaka karibu mitatu bila padri, na mbegu ilikuwa imeongezeka.

Kisha likaja jaribu la damu. Yozefu Mukasa aliuawa mwezi wa Novemba 1885. Karoli Lwanga, aliyeshika nafasi yake, alikuwa katekumeni bado. Akabatizwa usiku wa siku ile ile. Miezi sita baadaye, walipokuwa wakingoja hukumu ya mfalme Mwanga, Lwanga aliwabatiza wenzake waliokuwa bado wakatekumeni, na kati yao kijana Kizito. Wakachomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886. Baba Mtakatifu Paulo VI aliwatangaza mashahidi 22 wa Uganda kuwa watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964. Ninyi mliobatizwa mwaka huu, msiseme kwamba ninyi ni wachanga katika imani. Karoli Lwanga alikuwa Mkristu wa miezi sita.

Basi kigango kisicho na padri kifanye hivi:

(a) Jumapili waamini wakusanyike hata kama ni kumi tu. Wasome Injili, waombe pamoja, wafundishe watoto.

(b) Wafanye komunyo ya roho, yaani kila mmoja amwombe Yezu aingie moyoni mwake, kwa kuwa hawezi kumpokea katika Sakramenti. Bwana hudharau kinywa kisicho na njaa, lakini hamdharau mwenye kumtamani.

(c) Mtu akianguka katika dhambi kubwa na padri hapatikani, afanye majuto kamili: atubu kwa sababu amemchukiza Mungu aliye mwema mno, wala si kwa hofu ya adhabu tu, naye awe na nia thabiti ya kuungama mara padri atakapopatikana. Mungu husamehe hapo hapo.

(d) Mtu asiyebatizwa akiwa katika hatari ya kufa, naye anataka Ubatizo, yeyote aweza kumbatiza, mwanamume au mwanamke. Ammiminie maji kichwani, na wakati huo huo aseme kwamba anambatiza, akilitaja jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu, akiwa na nia ya kufanya kile Kanisa linachofanya. Kila mama Mkristu ajifunze jambo hili, na wakunga kwanza.

5. Taabu inayoletwa na mwenzetu

Taabu ya mvua huuma, lakini taabu ya mkono wa mwenzako huuma zaidi, kwa kuwa ina uso na jina. Katika nchi yetu uso huo mara nyingi ni uso wa jirani: Mhunde, Mhutu, Mtutsi, Mnyanga, Mtembo. Kila jamaa ina makaburi yake, na kila jamaa inajua nani wa kumlaumu. Vijana huanza kwa kulinda kijiji, wakaishia kulipa kisasi, na yule waliyemlipa ana ndugu naye. Hivyo deni halimaliziki.

Wakristu wa Kongo tunaye mwalimu wa jambo hili, Mwenye Heri Isidori Bakanja. Alikuwa kijana mfanyakazi, akabatizwa tarehe 6 Mei 1906 katika mji unaoitwa leo Mbandaka. Alikuwa akivaa skapulari ya Bikira Maria shingoni na kuwaambia wenzake habari za Mungu. Msimamizi Mzungu wa shamba la kampuni huko Ikili aliichukia dini. Alimwamuru avue skapulari. Bakanja alipokataa, alipigwa kwa mjeledi wenye misumari mpaka mgongo ukawa jeraha moja. Aliugua kwa miezi, akafa tarehe 15 Agosti 1909. Kabla ya kufa alisema kwamba amemsamehe aliyempiga, na kwamba akifika mbinguni atamwombea. Papa Yohane Paulo II alimtangaza Mwenye Heri tarehe 24 Aprili 1994.

Je, kusamehe ni kusema kwamba ubaya haukuwapo? Sivyo. Bakanja hakuficha majeraha yake, aliyaonyesha, akasema ni nani aliyeyatia. Kusamehe ni kukataa kumtakia mabaya aliyekutenda mabaya, na kumwachia Mungu moyo wake. Mkristu aweza kusamehe na papo hapo kwenda mbele ya waamuzi kuomba haki, hasa kwa ajili ya kuwalinda wengine. Tarehe 1 Februari 2023 Papa Fransisko, alipokuwa Kinshasa, aliwapokea watu wa mashariki ya nchi yetu walioteswa vitani. Walisimulia waliyotendewa bila kuficha, kisha wakaweka chini ya msalaba panga na vitu vingine mfano wa vile vilivyotumika kuwaumiza. Walisema kweli yote, na silaha wakamwachia Kristu. Njia ya msamaha ndiyo hiyo.

Nanyi msishangae kama msamaha hauji siku moja. Jeraha kubwa halifungi kwa usiku mmoja. Anayeweza kusema leo, "Bwana, bado siwezi, lakini nataka kuweza," huyo amekwisha kuuchimba mtaro.

6. Jaribu la fedha

Limebaki jaribu moja lisilopiga kelele, nalo limewaangusha wengi kuliko bunduki. Nchi yetu ina mali nyingi chini ya udongo: koltani ya Rubaya, kasiterite na dhahabu ya Walikale. Panapopita mali hiyo hupita na sauti isemayo: "Kila mtu anakula, wewe utakula lini?" Mwenye kizuizi njiani hudai, mpima mizani huinamisha mizani, mwenye shamba huhamisha mpaka wa mjane. Na wote hao huenda wakawa wabatizwa.

Kwa jaribu hili Mungu ametupa mwalimu kutoka jimbo letu lenyewe. Floribert Bwana Chui alizaliwa Goma tarehe 13 Juni 1981. Alisoma sheria. Katika jumuiya ya Sant'Egidio alikuwa rafiki wa watoto wa barabarani, akiwalisha na kuwasaidia wasome. Mwaka 2007 alikuwa na kazi Goma katika ofisi ya OCC, ile inayokagua bidhaa zinazoingia nchini. Kazi yake ilikuwa kuangalia vyakula vilivyoharibika visifike sokoni.

Mchele ulioharibika ukafika mpakani. Wenye mali walimwahidi fedha ili aupitishe. Alikataa. Wakaongeza, akakataa tena. Alijua ya kuwa mchele ule ungeliwa na maskini, na watoto wale aliowalisha jioni wangeweza kuugua kwa sababu ya sahihi yake ya asubuhi. Wenzake husimulia kwamba alijiuliza kama, akipokea fedha zile, bado angekuwa anaishi katika Kristu. Mchele ukateketezwa. Siku ya Jumamosi, tarehe 7 Julai 2007, akatekwa. Alipigwa na kuuawa, na mwili wake ukaonekana siku mbili baadaye. Alikuwa na umri wa miaka 26.

Papa Fransisko aliwasimulia vijana habari zake huko Kinshasa tarehe 2 Februari 2023. Tarehe 15 Juni 2025 alitangazwa Mwenye Heri mjini Roma, katika Basilika ya Mtakatifu Paulo nje ya Kuta.

Fikirini, ndugu. Hakuna aliyemwambia Floribert amkane Kristu. Hakuna aliyemtaka akanyage msalaba. Walimwomba sahihi tu, na fedha mezani. Angeweza kupokea, na Jumapili angekwenda Misa, na hakuna mtu angejua. Lakini yeye aliona kwamba imani inakaa hata ndani ya gunia la mchele. Kanisa limekubali kwamba aliyekufa kwa kukataa kuwadhuru maskini kwa ajili ya Kristu, amekufa shahidi wa Kristu.

Wala hakuanza siku ile. Alikuwa amechimba mitaro yake miaka mingi, katika kusali na kuwahudumia watoto wasio na kitu cha kumlipa. Kwa hiyo mvua kubwa ilipomshukia, udongo haukuondoka. Wewe hukagui mchele wa mpakani. Lakini unalo kopo la kupimia maharagi sokoni. Usilibonyeze kitako. Imani yako inakaa humo.

7. Maswali na majibu ya kukumbuka

Mwenye kufundisha awaulize wanafunzi mpaka wajibu bila kitabu.

Swali: Je, Ubatizo unaondoa taabu za dunia?
Jibu: La. Ubatizo unaondoa dhambi na kututia uzima wa Mungu, ili katika taabu tusiwe peke yetu.

Swali: Je, taabu peke yake hukuza imani?
Jibu: La. Imani hukua tunapoipokea neema ya Mungu na kudumu katika uaminifu wakati wa taabu.

Swali: Je, mtu akipatwa na msiba ni alama kwamba amelaaniwa au amelogwa?
Jibu: La. Yezu alilikataa neno hilo juu ya kipofu na juu ya watu 18 wa Siloamu.

Swali: Je, Mkristu aweza kumtaja jirani yake kuwa mlozi?
Jibu: Hawezi. Ni dhambi dhidi ya ukweli na upendo, na mara nyingi huleta mauaji.

Swali: Kusamehe ni nini?
Jibu: Ni kukataa kisasi na kumtakia mema adui, bila kuficha ukweli wala kuacha haki.

Swali: Wapi imani hujaribiwa kila siku?
Jibu: Katika ulimi, katika mizani, katika mpaka wa shamba, na katika nyumba yetu wenyewe.

8. Kazi ya juma hili

Kila jamaa ichague mtaro mmoja wa kuchimba, usiwe zaidi ya mmoja, maana ayatakaye yote mara moja huchoka Jumanne. Wengine waanze sala ya jioni pamoja. Wengine wamtembelee mjane anayesingiziwa. Wengine warudishe kipimo cha haki, au wamsalimu jirani ambaye hawajasemezana naye tangu vita. Jumapili, mkikutana, ulizaneni kwa upole: mtaro umefika wapi?

Tuombe. Ee Mungu Baba yetu, unazijua njia zote tulizokimbia na makaburi yote tuliyoyaacha nyuma. Hatukuombi utufanye watu wasioumia. Twakuomba taabu isitukute bila wewe. Utie mizizi katika imani yetu, ushike mikono yetu isiguse kisasi wala fedha ya damu, uwarudishie watu wa Masisi na wa Walikale amani ya mashamba yao. Kwa njia ya Kristu Bwana wetu. Amina.

Katika somo lijalo, Mungu akipenda, tutaeleza sala ya jamaa nyumbani, jinsi ya kuianza na jinsi ya kuidumisha. Mbaki na amani ya Kristu.